Meti wa Winchi ya Mkwaya

Pale Kilwa Kivinje kazi ya kamba ilikuwa ya wanawake. Wao ndio waliofukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani, wakayaacha miezi mpaka yaoze, wakayafukua, wakayaponda kwa magongo, kisha wakakaa mikekani kusokota. Abilahi aliijua kazi hiyo tangu meno ya utotoni hayajang'oka, kwa sababu baba yake alifariki mapema na mama yake, Bi Sada, hakujaliwa binti wa kumsaidia. Alipofika miaka ishirini na mitano hapakuwa na mtu mji mzima, mwanamume wala mwanamke, aliyeweza kumshinda. Kamba zake zilikuwa nene na sawasawa, na alijua kuunga kamba mbili bila fundo hata ukipitisha kiganja usijue zilipokutania.

Sifa zote hizo hazikumsaidia alipopeleka posa kwa Mzee Bakary Mtumbuka, fundi wa kupasua mbao, akimtaka binti yake Mwanaheri. Mzee Bakary aliwakaribisha wazee wa posa kwa kahawa na halua, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Kijana namjua, na mama yake namheshimu. Lakini binti yangu hataolewa na mtu ambaye kazi yake angeweza kuifanya yeye mwenyewe, tena amekaa mkekani."

Wazee walirudi na jibu hilo, na kabla ya magharibi Kivinje yote ilikuwa imekwisha kulisikia. Siku ya pili Abilahi alikutana na Mwanaheri kisimani. Alikuwa binti mrefu, mwepesi wa kucheka, aliyesoma chuo cha Kurani mpaka akahitimu, na hakuwa na tabia ya kuzungukazunguka maneno.

"Baba hakukukataa wewe, amekataa kamba," alimwambia huku akivuta ndoo. "Katafute kazi yenye jina ambalo yeye mwenyewe litamshinda kulitamka. Utamwona atakavyolainika."

Mwaka huo, elfu moja mia tisa arobaini na nane, kazi za namna hiyo zilikuwa Lindi. Wazungu walikuwa wameingia na mradi wa karanga. Walikuwa wakifyeka misitu ya Nachingwea na kutandika reli kutoka Mkwaya, kule ndani ya hori ya Lindi, bahari inapoingia bara, na kila kilichotoka ng'ambo kiliteremshwa pale gatini: mataruma ya reli, mapipa ya mafuta, matrekta. Abilahi aliagana na mama yake, akabeba mkeka na marobota mawili ya kamba, akapanda lori la chumvi kuelekea kusini.

Mkwaya aliandikwa kwenye kundi la kushika kamba za winchi. Winchi ilikuwa na shingo ya chuma iliyopita minazi kwa urefu, na juu yake, katika kibanda kidogo cha bati, alikaa Mwingereza mfupi mwenye uso mwekundu. Jina lake Hari, na jina lilimfaa, maana tangu asubuhi mpaka jioni jasho lilimtiririka kama aliyetoka kuoga. Hakuwa mtu wa makuu. Alikula mihogo ya kuchoma pamoja na makuli, akacheka mpaka akakohoa, na Kiswahili chake kilikuwa maneno thelathini hivi, ambayo aliyapanga anavyotaka yeye.

Siku moja mwezi wa Machi mvua iliwakuta wameinua trekta kutoka kwenye tishari, mashua pana ya kuteremshia mizigo. Trekta lilikuwa linaning'inia hewani, na watu watatu chini walishika kamba ya kuliongoza lisiyumbe. Upepo ukaja ghafla, trekta likazunguka, kamba ikawachomoka wenzake wawili mikononi. Abilahi alibaki peke yake. Kamba ilimburuta hatua nne juu ya mbao zilizolowa, na hatua ya tano ingekuwa majini. Hapo ndipo alipoliona gogo la chuma la kufungia matishari. Alilizungushia kamba mara mbili, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, akashika. Ngozi ya viganja ilikuwa inamtoka, naye hakuachia. Huko juu Bwana Hari aliliteremsha trekta polepole, shubiri kwa shubiri, mpaka magurudumu yakagusa gati.

Kisha Mzungu akashuka ngazi mbio. Akaishika mikono ya Abilahi, akaitazama, akavua fulana yake mwenyewe akaichana kuifunga. Akasema, "Tenkyu, meti."

Tangu siku hiyo hakumwita jina jingine. Asubuhi ilikuwa "Moning, meti," na jioni "Gudi naiti, meti." Wazungu wengine waliwaita makuli "boi," hata mwenye mvi. Makuli wakaanza kuulizana neno hili ni tusi au cheo. Abilahi naye usingizi ukampungua, akaenda kwa karani wa vipande, zile kadi za kazi.

Karani huyo alikuwa Nikodemu, Mmakonde wa Newala aliyesomeshwa na wamisionari, kijana mpole aliyependa kalamu kuliko chakula. Alikuwa na kamusi nene ya Kiingereza isiyokuwa na majalada. Akafungua, akashuka na kidole, akatikisa kichwa.

"Neno lenyewe fupi, maana zake zimejaa nusu ya ukurasa. Nikikusomea zote utachelewa kazini."

"Nisomee ya kwanza tu."

"Mwenzi," Nikodemu alisema. "Lakini wewe usiwe na wasiwasi. Jana Bwana Hari aliniletea kipande chako nikiandike upya. Umekuwa meti wa dereva wa winchi. Ni cheo, ndugu yangu. Tazama mwenyewe."

Abilahi hakuweza kusoma herufi za Kizungu, lakini alikitazama kile kipande kwa muda mrefu, akakumbuka maneno ya kisimani. Meti wa winchi! Jina gani lingemshinda Mzee Bakary kulitamka kama hilo? Jioni ile ile akatafuta karatasi akaandika barua kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandikiana watu wote wa Kivinje. Kwa haraka ya furaha hakutia alama ya irabu hata moja. Baada ya salamu aliandika:

"Napenda kukuarifu, baba yangu, kwamba mimi sasa ni meti. Taabu za Kivinje zimekwisha, nimepumzika. Hapa nilipo tuko wengi, tumelala kwa safu, na chakula hatujitafutii. Mwanaheri asihuzunike. Ukiwa radhi anifuate, nafasi yake ipo."

Wiki tatu zikapita bila jibu. Siku ya Ijumaa, makuli wakiwa wamekaa kivulini wanakula ugali na papa, mtu mmoja akaja anachechemea kutoka njia ya Lindi mjini, kifurushi cheupe kwapani. Abilahi alimtambua. Alikuwa Yunusu, mjomba wa Mwanaheri, mzee wa maneno mengi aliyefanya kazi ya kuchochea makaa kwenye meli za pwani ujanani mwake. Abilahi akainuka na tonge mkononi.

"Shikamoo, mjomba!"

Yunusu akasimama kama aliyepigwa msumari. Kifurushi kikamponyoka, kikafunguka, ikatoka bafta nyeupe mpya na kikopo cha ubani.

"Audhubillahi!" alisema. "Unakula?"

"Nakula, mjomba. Karibu."

"Maiti anakula papa!"

Ilichukua muda kumkalisha chini na kumpa maji. Alipopata pumzi alieleza. Barua ilipofika, Mzee Bakary aliisoma mbele ya watu barazani. Alipofika kwenye lile neno akarudia, akampa jirani. Jirani naye akasoma vile vile: mimi sasa ni maiti. Maana kwa herufi zile, bila irabu, meti na maiti ni kitu kimoja.

"Bi Sada akaanguka palepale," Yunusu alisema. "Wanawake wakaanza kulia. Tukasema labda umeandikiwa na mtu mwingine, umemwagiza kabla hujakata roho. Lakini Mwanaheri akaichukua barua akasema, huu mwandiko ni wake mwenyewe. Hapo ndipo watu walipoanza kuogopa kweli! Halafu umeandika mmelala kwa safu, na nafasi ya mtoto wetu ipo. Baba yake alitaka kuichoma moto hiyo barua! Nikatumwa mimi na sanda, nije nikuzike kama hujazikwa, na kama umezikwa nikusomee."

Makuli walicheka mpaka wengine wakalala chini. Abilahi hakucheka. Alimfikiria mama yake.

"Sikuandika maiti, mjomba. Niliandika meti. Ndiyo kazi yangu."

Yunusu akaweka kikombe chini. Uso wake ukabadilika, akamtazama Abilahi kuanzia miguuni mpaka kichwani kwa adabu mpya.

"Meti? Wewe ni meti?"

"Ndiyo. Unalijua neno?"

"Mimi nisilijue! Miaka tisa nimechochea makaa, nisimjue meti? Meti ndiye baada ya nahodha! Nahodha akilala, meli ni ya meti. Anavaa nguo nyeupe, ana mistari ya dhahabu begani, na anakula kwa uma."

"Siyo huyo. Mimi ni meti wa winchi, mjomba."

"Winchi iko wapi?"

"Ipo hapo gatini."

"Gati la nini?"

"La meli."

"Basi!" Yunusu alisema, akainuka. "Unyenyekevu ni jambo jema, mwanangu, lakini usizidishe."

Abilahi alimfuata mpaka njia panda akieleza, akaonyesha na viganja vyake vyenye makovu. Yunusu akaitikia kila neno, na hakusikia hata moja. Alikuwa na safari ya kurudi na habari nzuri kuliko aliyotumwa kuitafuta, na mtu wa namna hiyo hazuiliki. Ile bafta aliiacha. Abilahi akaigawa kwa makuli wakashona kanzu tatu.

Jibu la Mzee Bakary lilifika baada ya siku kumi na mbili, na safari hii irabu zote zilikuwamo, hata pasipohitajika. Alimshukuru Mwenyezi Mungu kwa uhai wa kijana. Alisema posa imepokelewa. Alisema tena kwamba angefurahi kama Abilahi angekuja amevaa zile nguo zake nyeupe, ili watu wa Kivinje waone.

Abilahi alikwenda na barua kwa Nikodemu. Furaha na aibu zilikuwa zinapigana kifuani mwake. Alichokitaka mwaka mzima kilikuwa mkononi mwake, na hakikuwa halali yake.

"Nguo nyeupe zinapatikana dukani kwa Mhindi," alisema, nusu kwa mzaha.

Nikodemu alimtazama juu ya kamusi. "Zinapatikana. Utazivaa mpaka lini?"

Abilahi akaikunja barua.

"Mwandikie ukweli," Nikodemu alisema.

"Nikiandika tena, safari hii watasoma nini? La, nitakwenda mwenyewe. Nitamwambia kwa mdomo, uso kwa uso, na akinikataa mara ya pili nitakuwa nimekataliwa mimi, siyo meti wa meli."

Akaomba ruhusa ya siku nane. Bwana Hari, aliposikia Kilwa, alifurahi kama mtoto. Yeye mwenyewe alikuwa na likizo, na tangu afike alitamani kuona magofu ya Kisiwani. Akasema watakwenda pamoja, akapeleka simu ya maandishi kwenye nyumba ya wageni ya Kivinje: atafika Jumamosi, yeye na meti wake, watayarishiwe vitanda. Abilahi naye alimtuma dereva wa lori la chumvi amwambie mama yake siku ya kufika.

Nyumba ile ilitunzwa na Klementi na mkewe Veronika, watu wa bara ya Lindi. Klementi ndiye aliyeisoma simu. Kiingereza chake alikipata misheni, ambako utotoni kazi yake ilikuwa kulisha njiwa wa padri. Padri alikuwa akimwambia kila siku: huyu dume, na yule pale ndiye meti wake. Kwa hiyo Klementi alipoona neno lile hakuhitaji kuuliza mtu.

"Veronika!" aliita. "Mzungu anakuja na mkewe!"

Lori lilipoingia Kivinje Jumamosi adhuhuri, Abilahi aliona umati mbele ya nyumba ya wageni, akadhani kuna msiba. Kumbe umati ulikuwa wa namna mbili. Upande mmoja walisimama wanawake waliokuja kumtazama bibi wa Kizungu, na mbele yao Veronika ameshika kikuba, kishada cha asumini cha kumpamba mwanamke, na bakuli la maji ya mawaridi. Upande wa pili alisimama Mzee Bakary katika kanzu iliyopigwa pasi, Yunusu pembeni yake, na wazee wa mtaa waliokuja kumpokea meti wa meli.

Akashuka Bwana Hari, kaptura imemganda kwa jasho. Kisha akashuka Abilahi, shati la kazi, vumbi mpaka kwenye kope. Halafu hakushuka mtu. Veronika alisogea akachungulia ndani ya lori, akaona magunia mawili ya viazi.

"Bibi yuko wapi, Bwana?" Klementi aliuliza.

"Bibi?" Bwana Hari alishangaa. "Hapana bibi. Hapana oa mimi. Meti yangu iko hii." Akampiga Abilahi begani.

Veronika akamtazama Abilahi, akakitazama kikuba chake, akamtazama tena Abilahi, na mwanamke mmoja nyuma akashindwa kujizuia. Kicheko kikaanza hapo, kikaenea barabara nzima, kikawaingia hata watoto waliokuwa juu ya ukuta. Mwanaheri alikuwa katikati ya wale wanawake, kanga mdomoni, machozi yanamtoka kwa kucheka.

Mzee Bakary peke yake hakucheka.

"Nguo nyeupe umeziacha melini?" Yunusu alinong'ona kwa matumaini.

Abilahi akaona kwamba asiposema sasa hatasema tena. Akaenda mpaka mbele ya Mzee Bakary.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, mimi sina meli. Sijawahi kuwa nayo. Nashika kamba chini ya winchi, huyu Bwana akiwa juu. Hilo ndilo neno nililoandika, na makosa ya irabu ni yangu. Mjomba Yunusu alinipandisha cheo kwa mapenzi yake, na mimi nilichelewa kukanusha. Nimekuja kukanusha. Kazi yangu ni kamba, kama zamani."

Mzee Bakary alimtazama sana. "Njoo kesho asubuhi," alisema, akaondoka.

Usiku huo Abilahi alilala kwa mama yake. Bi Sada alimshika uso mara tatu kuhakikisha ana joto, akampikia wali wa nazi na pweza, na kila jirani aliyepita alimwambia, "Maiti wangu amerudi, njoo umwone anavyokula."

Asubuhi alikwenda, na Bwana Hari akang'ang'ania kwenda naye. Mzee Bakary aliwakalisha uani, karibu na shimo la kupasulia mbao. Lilikuwa shimo refu kupita kimo cha mtu, na ndani yake, limelala upande, gogo kubwa la mkongo. Gogo lilitoka Njinjo. Jukwaa lilivunjika siku gogo lilipopandishwa juu yake, nalo likatumbukia, na mwezi wa pili sasa watu kumi na wawili walikuwa wameshindwa kulitoa. Ubaya ni kwamba Leonadi, aliyepasua mbao na Mzee Bakary miaka kumi na tisa, alikuwa amerudi kwao Nyangamara kwa maumivu ya mguu. Mzee alikuwa hana gogo, hana mwenziwe, hana kazi. Mtu akiwa na hali hiyo hasira huwa karibu.

"Nataka kumuuliza Mzungu," alisema. "Bwana, huyu kijana kwako ni nani?"

"Meti," Bwana Hari alijibu papo hapo.

"Hilo nimekwisha kulisikia, na limeniletea msiba, meli na harusi. Sema kwa neno jingine."

Bwana Hari akatafuta katika maneno yake thelathini. Akasimama. Akanyoosha kidole juu. "Mimi iko huko. Hapana ona chini. Trekta kubwa, upepo mingi." Kisha akaishika mikono ya Abilahi, akamwonyesha Mzee makovu. "Yeye iko chini. Shika kamba. Kila mtu achia, yeye hapana achia. Yeye achia, trekta anguka, winchi anguka, mimi kwisha."

Akakaa, jasho linamtoka kama aliyebeba gunia.

Mzee Bakary aliinama karibu. Alikuwa akiviangalia vile viganja. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama juu ya gogo miaka kumi na tisa, Leonadi shimoni, msumeno mmoja mikononi mwa watu wawili. Aliye juu hamwoni aliye chini, ila humjua kwa namna msumeno unavyorudi.

"Kumbe hivyo," alisema taratibu. "Sasa kwa nini hamkusema hivyo tangu mwanzo?"

"Baba," Mwanaheri alisema kutoka nyuma ya ukuta wa makuti, alipokuwa anajifanya anapepeta mchele, "muulize kama anaweza kulitoa gogo."

"Nyamaza, we!" Mzee alisema. Kisha akamgeukia Abilahi. "Unaweza?"

Abilahi alizunguka shimo mara mbili. Akapiga magoti, akapima gogo kwa mikono. Akazungumza na Bwana Hari, maneno machache na vidole vingi. Wakatafuta miti mitatu ya mikoko, wakaifunga vichwa na kuisimamisha juu ya shimo kama mafiga. Kapi mbili za kupitishia kamba zikaazimwa kwa wavuvi. Kamba ilikuwa ya Bi Sada. Alikuja nayo mwenyewe begani, nene, ya mwaka ule ule, na hakuna aliyeiita ya kike. Bwana Hari akapanda juu ya ile miti kuangalia kapi, Abilahi akasimama kwenye kamba, na nyuma yake Klementi, Yunusu na kila mwanamume aliyekuja kutazama.

"Harambee!"

Gogo likalia, likatikisika, likanyanyuka tope likidondoka. Likakwama. Abilahi akazungusha kamba kwenye kisiki, akawaambia wapumue. Bwana Hari akasogeza kapi, akapiga mluzi. Wakavuta tena. Kabla jua halijafika utosini gogo la mkongo lilikuwa limelala juu ya jukwaa jipya, na Bwana Hari alikuwa amelikalia anakula embe.

Mzee Bakary alilipapasa kama mtu anayepapasa ng'ombe aliyepotea. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, hata nyuma ya makuti, kwamba posa aliyoipokea kwa barua anaipokea tena kwa mdomo, na safari hii anajua anampokea nani.

Ndoa ilifungwa siku ya Alhamisi, kabla ruhusa haijaisha. Kikuba cha Veronika kilipata mwenyewe. Bwana Hari alipewa kofia ya kiua ya kushonwa kwa mkono akaivaa mpaka Lindi, na magofu ya Kisiwani alisahau kwenda kuyaona.

Mradi wa karanga haukudumu. Udongo ulikuwa mgumu, mvua zilikuja zinavyotaka zenyewe, na baada ya miaka mitatu Wazungu wakaanza kufunga mizigo waliyoifungua. Bwana Hari aliondoka kwa meli iliyompeleka Dar es Salaam na mbele zaidi. Yeye na Abilahi waliagana gatini bila maneno mengi. Abilahi na Mwanaheri wakarudi Kivinje na mtoto wa kiume mgongoni, na Mzee Bakary akamkabidhi mkwewe upande wa chini wa msumeno. Mwezi wa kwanza waligombana kila siku juu ya mstari wa msumeno. Baada ya hapo wakazoeana, na mbao zao zikaenda mpaka Mitole.

Masika moja Mzee alishikwa na homa wakati kazi ya watu inangoja. Mwanaheri akafunga kanga kiunoni, akapanda juu ya gogo, akashika msumeno. Wanawake wa jirani walikuja kucheka, wakaleta na mikeka ya kukalia. Baba yake aliletwa na kitanda chake mpaka mlangoni, akatoa amri na kutukana kwa upole. Walipasua kutwa nzima, Mwanaheri juu, Abilahi chini amejaa unga wa mbao kichwani, wakiitana na kubishana na kucheka. Ubao ulitoka umepinda kidogo katikati, mahali Mwanaheri alipogeuka kumjibu jirani. Mteja aliukataa, nao hawakusikitika. Waliutia kwenye mlango wa jiko lao, na kila masika ulipolowa ulikuwa haufungiki mpaka uusukume kwa goti.